Anifa na Bunduki za Sponji

Mawinga wa Kariakoo ni wengi kuliko wateja, na nusu yao ningewafukuza kwa ufagio kama isingekuwa kwamba ndio wanaotuletea ugali. Winga hana duka wala stoo. Anasimama njiani, anamdaka mteja, anampeleka duka analolijua, na juu ya bei ya mwenye duka anaongeza kidogo chake, tunakiita cha juu. Ukimuuliza winga kama kitu ni kizuri, atakwambia ni kizuri. Kikimvunjikia mkononi, atakwambia hivyo ndivyo kilivyotengenezwa.

Anifa Bakili hakuwa winga wa namna hiyo, na ndiyo maana naandika habari zake. Naandika pia kwa sababu kuna jambo nilimfanyia, sijamwambia mtu hata mmoja, na nimechoka kukaa nalo.

Mimi naitwa Idrisa. Nauza vitu vya kuchezea watoto, Mtaa wa Narung'ombe, duka jembamba ambalo watu watatu wakiingia wa nne anasubiri nje. Kariakoo ndiko nilikozaliwa na ndiko nitakakozikwa kama foleni itaruhusu gari la maiti kupita. Anifa ni mtu wa Newala. Ana miaka kama thelathini na tisa, mwembamba, baibui jeusi na raba nyeupe za michezo, begi mgongoni, na sauti inayofika duka la tatu bila yeye kujitahidi. Amepanga vyumba viwili Buguruni, anaishi na mama yake, na huko Chanika ana kiwanja anachokijenga tofali kwa tofali.

Mara ya kwanza kuingia dukani kwangu, miaka tisa iliyopita, alikuwa na mteja, mama mmoja mnene aliyetafuta zawadi za Idi za wajukuu. Mama akashika bunduki ya sponji, zile zinazorusha risasi laini zenye kichwa cha mpira kinachonata kwenye kioo. Akauliza bei. Nikamwambia elfu kumi na tano.

Anifa akasema, "Nifungulie."

"Unanunua?"

"Nikishapima."

Sikupenda. Mtu simjui, vumbi la asubuhi sijalifuta, anataka nimfungulie boksi. Lakini mteja alikuwa anatazama, nikafungua. Anifa akaipima uzito mkononi. Akainusa, kwa sababu plastiki ya hovyo ina harufu kali kama mafuta ya taa. Akaikoki mara kumi mfululizo kusikiliza springi. Akajifyatulia kiganjani kuona kama inaumiza. Halafu akatoka nayo kwenye korido ya jengo, akapiga risasi zote sita, moja baada ya nyingine, akitembea kuhesabu vigae vya sakafu mpaka pale kila moja ilipoangukia. Mimi nimesimama mlangoni kama mlinzi wa benki.

Akarudi, akamwambia yule mama mbele yangu, "Mjukuu wako ataichezea Idi Mosi, Idi Pili, ikizidi sana Idi Tatu. Baada ya hapo springi imekufa. Elfu kumi na tano kwa siku tatu ni elfu tano kila siku. Haifai. Kwa elfu tisa, chukua."

Nilitamani ardhi ya Narung'ombe immeze. Lakini yule mama akacheka, akasema kwa tisa atachukua sita, na tisa kwangu bado ilikuwa na faida. Walipokuwa wanaondoka Anifa akageuka, akaniambia kwa chini, "Bosi, angetoka hapa hana hata moja." Kesho yake akaleta wateja wawili. Tangu hapo akawa wangu, au mimi nikawa wake, sijui niseme vipi.

Niwaeleze vizuri kipimo chake, maana watu walidhani anatafuta kitu kizuri. Hapana. Anifa alikuwa anasema hakuna kitu kibaya Kariakoo, kuna bei mbaya. Bunduki dhaifu kwa bei dhaifu ni mali halali kabisa, mzazi ajue tu kwamba ananunua siku mbili. Bunduki ngumu inayodumu mpaka shule zifunguliwe, hiyo hata elfu ishirini haikumtisha. Alichokuwa anakitafuta ni mzazi asirudi nyumbani akajiona mjinga mbele ya mwanawe. Aliniambia hivyo siku moja tukila mihogo, akaendelea kula.

Simu janja zilipoenea, kipimo kikahamia huko. Akawa anajirekodi kwenye korido yetu, anapiga, anahesabu vigae, anatamka hukumu yake, kisha anaweka kwenye status ya WhatsApp. Wafanyabiashara wa Masasi, Tunduru, Kilwa na Mtwara wakawa wanamtumia hela bila kupanda basi. Wengine hawajawahi kumwona uso kwa uso. Kuna mmoja wa Masasi anaitwa Eliasi Onesphory, muuza vitu vya watoto, Mkristo, kila Krismasi na kila Idi anaagiza kwa Anifa. Mtu kama huyo anapotuma hela zake zote za msimu kwa mwanamke asiyemjua sura, ananunua neno lake. Anifa hakuwa na mtaji mwingine wowote.

Na alikuwa na sharti moja. Kila duka la jumla lina sampo, kile kimoja kilichowekwa mezani kwa ajili ya kuonyesha na kujaribia, halafu mteja anafungiwa katoni kutoka stoo. Anifa hakupima sampo. Alipanda mwenyewe stoo, akachagua katoni ya katikati ya rundo, akakata seloteipu, akatoa moja. Alikuwa anasema sampo imevishwa ili iposwe. Stoo yangu iko ghorofa ya nne na lifti ya jengo letu ilikufa siku nyingi, kwa hiyo wenzake walimcheka kwa kupanda ngazi bure. Hakujali.

Sasa mwaka ule. Ramadhani ilianza vizuri. Nilikuwa nimeingiza bunduki za sponji aina mpya, za buluu na rangi ya chungwa, zenye duara la matundu sita linalozunguka lenyewe. Anifa alipanda stoo, akapima. Risasi zilifika kigae cha ishirini. Akatamka elfu kumi na tano rejareja, inafaa, na kwa jumla elfu kumi na moja. Katoni arobaini zikaisha kabla mwezi haujafika nusu. Nikapagawa. Nikamwambia wakala wangu wa huko Uchina anipatie nyingine haraka, kwa ndege, kwa vyovyote.

Zikaja siku ya ishirini ya mfungo. Boksi lile lile, picha ile ile, rangi zile zile. Nikafungua katoni moja peke yangu kule stoo, nikachukua moja, nikaishika tu nikajua. Nyepesi. Nikakoki, nikalenga mlango. Risasi ikatoka kwa uvivu, ikaanguka hatua tatu mbele ya miguu yangu, na kichwa chake cha mpira kikabanduka kikabingirika chini ya rafu. Nikapiga ya pili na ya tatu. Kiwanda kilikuwa kingine.

Nisijitetee, lakini niseme nilivyofikiri, maana niliyafikiri kwa utulivu kabisa. Nilifikiri watoto hawahesabu vigae. Nilifikiri Idi ni siku chache. Nilifikiri kodi ya fremu ya duka, ambayo kweli ilikuwa inakuja, lakini huja kila mwaka na sijawahi kufungiwa. Nikarudisha ile bunduki ndani, nikafunga katoni kwa seloteipu mpya, nikateremka. Mezani nikaacha sampo ya mzigo wa kwanza.

Siku ya pili, baada ya alasiri, Anifa akaingia. Midomo imekauka kwa swaumu, jasho limemshika, simu haikomi kulia kwenye begi.

"Mzigo umeingia, bosi?"

"Jana."

"Ni ule ule?"

Alikuwa ameshaweka mguu mmoja kwenye ngazi ya kwanza. Mlango wa duka langu unatazamana na ngazi za jengo, kwa hiyo niliuona ule mguu na raba yake nyeupe. Akatazama juu, akanitazama mimi.

"Ule ule," nikasema. "Utapandaje ghorofa nne na swaumu hiyo? Pumzika."

Hili la mwisho ndilo linaloniumiza kuliko yote. Ningeweza kudanganya nikaishia hapo. Niliongeza huruma juu yake, nikamvutia na kigoda. Na mimi nilikuwa nimefunga siku ile, nilikuwa nimeswali adhuhuri jamaa, msikiti wa mtaa wa pili.

Anifa akashusha mguu. Akasema, "Miaka yote hii hujanidanganya, leo acha ngazi zipumzike." Akachukua sampo ya mezani, akaenda kwenye korido, akajirekodi. Risasi zikafika kigae cha ishirini, kama zilivyotakiwa. Nikamsikia anasema kwenye simu, "Ndugu zangu wa kusini, ni zile zile, bei ile ile, inafaa." Ndani ya siku tatu katoni ishirini na mbili zikaondoka kwenda stendi ya mabasi. Sita zilikuwa za Eliasi. Zilizobaki nikaziuza hapa hapa mjini.

Msifikiri nilikosa usingizi. Nililala vizuri. Aibu ilikuja mchana kweupe, Idi Pili, nilipokuwa nakatiza Mnazi Mmoja kwenda kumpa mkono wa Idi mjomba wangu. Uwanja umejaa watoto wenye nguo mpya. Nikaona bunduki zangu, buluu na chungwa, kila mahali. Watoto wamezikoki, wanafyatua, halafu wanainama kuokota risasi mbele ya vidole vyao vya miguu. Kulikuwa na msichana mdogo wa gauni la njano, alikuwa ameshaacha kufyatua. Alichukua risasi mkononi, akaenda nayo kwa miguu mpaka kwa kaka yake, akamgusa nayo kifuani. Yule kaka, kwa roho nzuri, akaanguka akafa. Nikaanza kutabasamu, kisha nikaona baba yao pembeni, kanzu imenyooka, ameishika ile bunduki ya mwanawe anaigeuzageuza, anajaribu kuirekebisha springi kwa ufunguo wa nyumba. Alikuwa na sura ya mtu anayejiona mjinga. Nikapita upande wa pili.

Idi ilipoisha tukafungua maduka, na Anifa akaja asubuhi. Sikuwa nimepanga cha kusema. Akakaa kwenye kile kile kigoda, akabonyeza simu, akanisikilizisha ujumbe wa sauti wa Eliasi. Hakuwa anapiga kelele. Ningefurahi kama angepiga kelele.

"Dada Anifa, salama? Samahani kukusumbua sikukuu. Zile bunduki watu wananirudishia. Wote. Mwingine ni mchungaji wangu. Mimi huyo mwenye duka simjui, dada yangu, mimi nilikujua wewe. Uliniambia umezipima."

Kulikuwa na nyingine kumi na kitu. Alinisikilizisha tatu, akazima. Nikasubiri anigeukie. Nilikuwa tayari, nadhani, au najidanganya hivyo. Kama angesema tu "Idrisa, ulijua," ningekubali pale pale.

Akasema, "Pole, bosi. Wamekupiga na wewe."

Nikachukua kitambaa nikaanza kufuta meza.

"Wamekubadilishia kiwanda. Na hela yako umeshalipa. Pole sana."

Mlango wa kukiri ulikuwa umefunguliwa kabisa, nilichotakiwa ni kupita. Badala yake nikasikia mdomo wangu ukisema, "Viwanda vya siku hizi, Anifa, haviaminiki."

Akatikisa kichwa kunihurumia. Akaomba maji, nikampa, akanywa. Akasema kosa ni lake yeye, kwamba angepanda ngazi yasingetokea, kwamba shetani wa uvivu alimshika mwezi mtukufu. Hapo hapo dukani kwangu akainua simu, akajirekodi. Nakumbuka kila neno. "Ndugu zangu, nimekosea mimi. Nilipima sampo, sikufungua katoni. Mwenye duka naye ametapeliwa, msimlaumu. Cha juu changu chote cha mzigo huu namrudishia kila mtu, na anayetaka kuniacha aniache kwa heri."

Mimi nimesimama nyuma yake. Kwenye ile video naonekana, nusu ya uso, natazama sakafu. Watu waliona ni mtu mwenye majonzi ya hasara.

Alipomaliza nikamwambia nitawapunguzia bei mzigo ujao. Ndicho nilichotoa. Akanishukuru, akasema wafanyabiashara wengine wasingefanya hata hilo.

Walimwacha kwa heri kweli. Eliasi alimwandikia ujumbe wa adabu kwamba atajaribu kuja Dar mwenyewe. Wengine hawakuandika kitu. Mawinga wenzake waliokuwa wanamwonea wivu kwa miaka wakampa jina, Mama Sponji, na wanamwita hivyo barabarani kwa sauti, anaitika na kucheka. Mtu aliyekuwa anauza akiwa amekaa, simu mkononi, nikawa namwona kona ya Msimbazi akikimbilia wapita njia pamoja na vijana walioanza kazi juzi, "Karibu mama, karibu dada, unatafuta nini?" Wengi wanampita bila kumtazama. Nyumba ya Chanika kuta zimefika lenta zikasimama hapo. Siku moja aliniambia mvua imeotesha majani sebuleni, kwamba sasa mama yake ana shamba mjini. Nilicheka naye. Nilikwenda chooni baadaye nikasimama humo muda mrefu bila haja yoyote.

Nilijaribu kumwambia. Ijumaa moja, baada ya swala, nilimfuata kule kona nikamnunulia dafu. Nikaanza, "Anifa, ile Ramadhani." Akaniwahi. "Bosi, achana nayo. Ukiiwaza sana itakuua presha, na wewe una familia." Nikamalizia dafu langu. Nilijiambia kwamba kumwambia sasa ni kumwumiza mara ya pili, kwamba itambidi aseme kwa watu kuwa hata ile toba yake ilikuwa ya uongo. Ni sababu nzuri. Nimeichunguza kila upande, na kila upande nakuta inanifaa mimi.

Ukiniuliza leo bunduki ile ilistahili bei gani, naweza kukwambia. Elfu sita. Kama ningemwacha apande zile ngazi, angeteremka na kusema, "Kwa kumi na moja haifai, kwa sita chukua, ni ya siku mbili," na watu wa kusini wangechukua zote ishirini na mbili, na kila mzazi angejua ananunua nini. Ningepata hasara ndogo ambayo nisingeikumbuka mwaka uliofuata. Sikuwa hata na haja ya kudanganya.

Wiki iliyopita Anifa akaingia na mteja mpya, Bi Maimuna wa Kilwa Masoko, mwanamke wa makamo, mpole, ndiyo kwanza anafungua duka la vitu vya watoto na pensheni ya mumewe. Ni mteja wa kwanza wa jumla kumpata tangu mambo yale. Akaziona bunduki za sponji mezani. Mzigo huu ni wa kile kiwanda cha kwanza. Siku hizi nafungua kila katoni mwenyewe, moja moja, nafyatua mpaka kidole kinaota sugu, na hakuna anayejua kwa nini.

Bi Maimuna akasema, "Niliambiwa wewe, mwanangu, huwa unapanda stoo kupima."

"Kupanda napanda, mama," Anifa akasema. "Kwa wengine wote napanda mpaka juu, hata kwa mvua. Lakini huyu Idrisa tuliumizwa naye pamoja. Siku niliyopigwa mimi na yeye alipigwa, na hakunikimbia. Kwa huyu sipimi. Akikwambia ni nzuri, ni nzuri."

Nikasema, "Panda, Anifa. Panda tu ukafungue."

Akacheka, akamgeukia Bi Maimuna. "Unamwona? Wenzake wanakuzuia, huyu anakutuma." Kisha akanitazama mimi, ameshatoa simu, tayari kumwandikia oda yake. "Sema wewe, bosi. Ni nzuri?"

Bi Maimuna naye akanitazama, ameukumbatia mkoba wake kwa mikono miwili.

Nikasema ni nzuri. Ilikuwa kweli, na Anifa akaniamini kwa moyo mmoja, sawasawa na siku niliyomdanganya.